Kaka Yangu Hakuwa Kupe

Naikumbuka siku niliyoandika jina la kaka yangu kwenye orodha ya kupe, mwanangu, na laiti ningeiweka kalamu chini. Nilikuwa katibu wa kijiji chetu cha ujamaa hapa Mafia, kijana niliyetoka sekondari, na kila mtu akisifu mwandiko wangu.

Kaka Shaibu alikuwa mnene, shingo nene, mcheshi. Kazi yake shambani ilikuwa kufua nazi. Alizifua kumi, kumi na tano hivi, kisha akasinzia pale pale juu ya makumbi, jua likiwa bado la asubuhi. Wenzake walimrushia makumbi wakicheka.

"Kupe kashiba damu!"

Mwenyekiti hakucheka. "Katibu, undugu tuuache nyumbani. Anayekula jasho la wenzake aandikwe."

Siku mbili kabla ya mkutano wa kijiji wa kuyasoma majina hayo, mke wa kaka, Mwanaidi, alikuja kwangu.

"Shemeji, kaka yako halali."

"Asiyelala ndiye anayekoroma?"

"Usinitanie. Anakoroma mpaka kuku wanashtuka, halafu kimya. Nahesabu mpaka kumi, kumi na tano, hapumui. Kisha anachupa kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Akiamka, kichwa kinamuuma."

"Hilo jinamizi. Mpeleke kwa mwalimu wa chuo akasomewe Kurani."

Aliondoka bila kuaga. Ugonjwa wote alikuwa ameshanieleza, nami niliyesoma kuliko wote pale kijijini nikaufanyia mzaha.

Mkutanoni nilisimama nikasoma majina. La kaka lilikuwa la tatu. Alikuwa ameketi mbele, macho mekundu, akijitahidi asisinzie ili asiniaibishe. Nilipolitamka aliniangalia, akaokota kofia yake, akatoka. Juma lile lile akahamia kisiwa cha Bwejuu na mkewe.

Kila Idi nilituma mtu kumtaka radhi. Jibu lilikuwa moja: "Mwambieni kupe hana ndugu."

Uzeeni nami nikaanza kusinzia mchana, hata nikiwa msikitini. Mke wangu akanilazimisha kwenda hospitali Dar es Salaam.

"Shikamoo mzee. Unakoroma?" daktari kijana aliuliza.

"Marahaba. Muulize huyu mke wangu, mimi huwa nimelala."

Walinilaza na nyaya kichwani na kifuani. Nilipoamka, daktari alinieleza kuwa koo langu hulegea usingizini likaziba, pumzi ikakatika, ubongo ukaniamsha bila mimi kujua, mara nyingi usiku mzima. Ndiyo maana mchana nilichoka kama mtu aliyekesha. Ukiachwa, ugonjwa huu huupandisha shinikizo la damu na kuusumbua moyo. Nikaambiwa nipunguze mwili, nilale ubavu, na nivae barakoa yenye mashine inayosukuma hewa kooni. Sasa nalala.

Kisha akauliza, "Kwenu kuna mwingine aliyekuwa hivi?"

Nikamtajia jina la kaka.

Mwanangu, mtu akisinzia kazini, usianze kumwita mvivu. Muulize anayelala naye chumba kimoja: anakoroma? Pumzi inakatika? Anashtuka akitafuta hewa? Yakiwa ndiyo, mpeleke hospitali wapime usingizi wake. Na mke akija kukueleza habari za mumewe, kaa kimya umsikilize mpaka mwisho. Mwenyezi Mungu akujaalie usingizi wenye pumzi, na akuepushe na kalamu yenye haraka.

Kaka aliishi Bwejuu miaka saba. Mwanaidi alisema alijilaza baada ya sala ya adhuhuri, akakoroma, akanyamaza, na safari ile hakushtuka. Siwezi kuapa kwamba ni koo lililomuua. Hapakuwa na wa kumpima. Najua tu kwamba habari zilinifikia alipokuwa ameshazikwa, kwa sababu alikuwa ameusia nisiitwe. Jina moja nililoliandika lilinigharimu kaka yangu wa pekee, na radhi yake sikuipata.