Mbwa Watatu wa Ofisa Aliyehamishwa

Ofisa yule alihamishwa kutoka wilayani kwetu baada ya msimu wa senene, na siku ya kuondoka alipakia kila kitu. Alipakia friji, makochi, matairi mabovu, hata kamba ya kuanikia nguo aliifungua akaizungusha mkononi vizuri. Alichoacha ni mbwa wake watatu. Aliwafungia uani pamoja na beseni la maji na sinia la ugali, akafunga geti kwa kufuli, akaondoka na ufunguo.

Walikuwa mbwa wadogo wa manyoya, wa aina ile ambayo mtu huinunua ili aonekane ameinunua. Jioni alikuwa akiwatembeza kando ya barabara ya Omurushaka wakiwa na mikanda ya rangi, yeye suruali imepigwa pasi ikasimama kama ubao, na watu wazima, wenye akili zao, walikuwa wakimsifu. Mimi pia nilimsifu mara moja. Alikuwa mteja wa dukani kwangu, akinunua sabuni ya viroboto, na mteja wa sabuni ya viroboto husifiwa.

Siku ya nne jirani yake alichoka na kelele akamwita bwana mifugo. Bwana mifugo aliruka ukuta. Mchana ule ule aliingia dukani kwangu na boksi la mafuta ya kupikia, na ndani ya boksi mlikuwa na wale watatu. Mmoja alikuwa wa kahawia, mkubwa kuliko wenzake. Wa pili alikuwa mweupe, ingawa siku hiyo hungeweza kusema hivyo. Wa tatu alikuwa mdogo kabisa, jicho moja limefumba kwa usaha.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba. Hao unawapeleka wapi?"

"Hapa. Wewe una vizimba."

Ni kweli nilikuwa navyo. Ninauza dawa za mifugo na vifaranga vya kuku, na vizimba vya mabanzi na wavu vilikuwa vimepangwa nyuma ya duka, vitupu.

"Kwa siku ngapi?"

"Mpaka nijiridhishe hawana kichaa. Usiwaache nje, mama. Mbwa wa hapa watawamaliza."

Nilikubali kwa sababu kulikuwa na wateja watatu wanatazama. Nisingependa mtu afikiri ilikuwa huruma. Nimezaliwa Bweranyange, kwenye nyumba ambayo mbwa alilala jivuni na hakuna aliyemuuliza hali. Kumweka mbwa chumbani niliona ni kazi ya watu wasio na kibanja cha kupalilia.

Nilimweka kila mmoja kwenye kizimba chake, nikafunga, nikarudi kaunta. Walianza kulia kabla sijakaa. Hawakubweka, walilia, sauti nyembamba inayopanda na kukatika na kupanda tena, watatu kwa kupokezana. Mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya minyoo aliniuliza kama kuna mtu anafanyiwa kitu huko nyuma.

Washauri walikuja upesi. Ukiwa na mgonjwa ndani Omurushaka hukuti mtu, lakini ukiwa na mbwa anayelia kila mtu ni daktari. Mnunuzi wa kahawa wa duka la pili alisema niwamwagie maji ya baridi, watajifunza. Yeye mwenyewe sijawahi kumwona akijifunza kitu, na mvua zinamnyeshea kila mwaka. Mwalimu mmoja wa jirani alileta simu yake na kunionyesha video ya mwanamke wa ng'ambo aliyefunika kizimba cha mbwa kwa shuka, mbwa akalala. "Ni giza tu wanalotaka," alisema mwalimu, kwa sauti ya mtu aliyefuga mbwa miaka arobaini, naye hajafuga hata bata. Tukaenda kuwafunika kwa blanketi zito, saa saba mchana, chini ya bati. Nilipolifunua baadaye walikuwa wanahema ndimi nje, na yule mdogo alikuwa amelala ubavu. Mwalimu alisema blanketi halikuwa la aina inayotakiwa.

Mimi sikuwa bora kuliko wao. Siku ya kwanza niligonga vizimba kwa mwiko na kuwakemea. Siku ya pili nilichoka, nikawa nawatoa kila wanapolia, nawapa kipande cha andazi, nawarudisha. Walikuwa na akili kuliko mimi. Kufikia jioni walikuwa wamejua kabisa kwamba mlango unafunguliwa kwa kilio, na kilio kikubwa kinaleta andazi kubwa.

Siku ya tatu alikuja mama wa Isingiro anayenilimia. Ni mtu mzima, amenizidi miaka kama kumi, wazazi wake walitoka Burundi. Alikuja kurudisha jembe. Alisimama mlango wa nyuma akaniangalia nikimtoa yule mweupe, nikimlisha, nikimrudisha, na yule mweupe akianza tena mara moja.

"Mama," aliniambia taratibu, "unawafundisha kulia, nao wanafundishika."

Nilimwambia kama anajua zaidi afanye yeye. Nilisema kwa ubaya. Aliweka jembe chini akafanya.

Kwanza aliwatoa wote wakakojoe, jambo ambalo hakuna mshauri hata mmoja aliyelifikiria. Akavisogeza vizimba vikakaa karibu karibu pembeni ya ukuta, mbali na mlango, ili waonane. Akaweka gunia lililokunjwa ndani ya kila kimoja, akaniomba kanga niliyolala nayo, isiyofuliwa, akaichana mapande, akaning'iniza pembeni ya kila kizimba, mbele akaacha wazi. Kisha alichukua maini ya kuchemsha, mboga yangu ya mchana, akatupa vipande ndani na hakufunga mlango. Waliingia, wakala, wakatoka. Akatupa tena. Mara ya nne au ya tano alifunga mlango wakiwa bado wanatafuna, akaufungua kabla hawajamaliza. Alirudia hivyo mpaka mimi niliyekuwa natazama nikachoka.

Mwishowe alifunga, akachukua ungo wa maharage yangu, akakaa kwenye kigoda akiwapa mgongo, akaanza kuchambua. Walilia. Hakugeuka. Nilitaka kwenda, akanyoosha mkono bila kunitazama, nikabaki nilipokuwa. Walilia mpaka yule wa kahawia akanyamaza kidogo, labda kuvuta pumzi, na hapo hapo mkono wa yule mama ulienda nyuma na kipande cha ini. Wa kahawia alikula. Akanyamaza zaidi. Ungo ulipoisha wote watatu walikuwa wamelala, na yule mdogo alikoroma.

Nilimuuliza nani alimfundisha.

"Niliwahi kukaa kambi ya wakimbizi," alisema. "Pale ukilia haji mtu, ukinyamaza haji mtu. Hawa kuna anayekuja. Kinachotakiwa wajue anakuja wakati gani."

Akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Hakuna aliyemrekodi video.

Nilifuata alivyonionyesha. Haikuwa kazi ya kupendeza. Nilichambua maharage mpaka yakaisha ndani, nikachambua mchele uliokuwa safi tangu dukani. Wa kahawia alizoea baada ya siku mbili, mdogo baada ya nne, mweupe alikataa wiki nzima, halafu asubuhi moja nilimkuta ameingia kizimbani mwenyewe, mlango wazi, amelalia gunia. Nilisimama pale na bomba la dawa mkononi nikajikuta natabasamu kama mjinga. Nilishukuru hakukuwa na mteja.

Ndipo ofisa akapiga simu.

"Mama, nasikia una mbwa wangu. Mtoto analia huku, anamtaka yule wa kahawia. Mpakie kwenye basi."

"Njoo umchukue mwenyewe," nilisema, nikakata.

Alikuja Jumamosi. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku ile. Nilitaka yule mbwa amwone, ageuke, aingie kizimbani na kumpa mgongo, huku mimi nimekunja mikono. Haikuwa hivyo. Wa kahawia alisikia sauti yake akaanza kutetemeka mwili mzima, na nilipofungua alimrukia magotini, akamlamba viatu, akajikojolea kwa furaha. Nilimdharau mbwa yule kwa moyo wangu wote. Ofisa alicheka akatoa simu apige picha.

"Mwone anavyonipenda," alisema.

"Na hawa wawili?"

"Nyumba ya huko ni ndogo, mama. Hao walikuwa wa kumpa kampani tu."

Bwana mifugo alikuwa amefika na karatasi za chanjo. Nilimwambia ofisa hachukui mbwa mpaka amweke kizimbani mwenyewe, na mbwa atulie, yeye akiwapo.

"Mama, huyu ni mbwa tu."

"Mama ameshasema," alisema bwana mifugo, akazishika karatasi zake kwapani.

Kwa hiyo alikaa. Nilimkalisha juu ya gunia la pumba, na ile suruali yake. Mbwa alilia, naye akafungua mara moja. Nikamwambia aanze upya. Mara ya pili simu yake iliita, akapokea, akasema kwa sauti kubwa kwamba yuko kwenye kikao, mbwa akalia, tukaanza upya. Mnunuzi wa kahawa na mwalimu walikuja kusimama mlangoni, na kila mmoja alikuwa na la kumwelekeza. Mara ya tatu alikaa kimya, mgongo kwa kizimba, shingo imelowa jasho, ini mkononi kama mtu aliyeshikishwa kitu cha aibu. Ilichukua karibu saa nzima. Wa kahawia alipotulia, ofisa alipeleka mkono nyuma akampa ini lote lililobaki. Nilimpa kizimba aende nacho.

Mweupe alichukuliwa na yule mama wa Isingiro. Nilimuuliza atafanya nini na mbwa asiyeweza kumfukuza hata ngedere shambani. Alisema atakaa naye. Akafungiwa kizimba nyuma ya bodaboda, na mweupe hakutoa sauti mpaka walipopotea. Mdogo mwenye jicho bovu nimebaki naye. Sina sababu ya kuieleza.

Wiki moja baadaye ofisa alipiga tena. Nilidhani anataka kushukuru. Alikuwa anauliza yule wa kahawia huwa anakula nini. Amekaa na mbwa yule miaka sita. Nilimweleza, polepole, na nilimsikia akiandika.