Pasheni za Mama Mmoja

Saa saba mchana, jua la Geita likiwa utosini na majirani wamejificha vivulini, Vumilia Ngassa ndiyo kwanza anaingia shambani. Ameshika kijiti kilichofungwa pamba na kifuniko cha chupa chenye vumbi la manjano.

"Pasheni hii haina asubuhi," anasema. "Inafungua maua mchana, jioni imefunga. Ukilala, umekosa."

Anagusa ua, anahamia jingine. Mdogo wake, Bujiku, anacheka kutoka uzioni.

"Dada, leo umeozesha wangapi?"

"Arobaini na wawili. Na wewe mjomba mtu umekaa tu!"

Utani huo umefunika jambo zito. Nusu ekari hii, nje kidogo ya Kalangalala, waliachiwa na baba yao. Bujiku ni mchimbaji na anaamini chini ya shamba hili kuna dhahabu. Magogo ya kushikilia kuta za shimo ameshayarundika pembeni. Wamekubaliana: pasheni zisipozaa msimu huu, shamba linachimbwa.

Vumilia, mwenye miaka 43, aliponda mawe ya dhahabu miaka kumi na mmoja kwa shilingi elfu tano kwa siku, hadi kifua kikagoma. Akageukia pasheni za njano. Kwa jirani aliona mmea uliozaa matunda matamu kuliko yote, akaukata vipande sitini, akapanda vyote.

"Ndivyo tunavyofanya kwa mihogo na viazi," anasema. "Ukipata mbegu nzuri, unaikata hiyo hiyo."

Maua yakajaa. Matunda, hakuna. Misimu miwili.

"Wakasema nimerogwa. Sikubishana nao. Nikaanza kuangalia."

Aliona mmea mmoja tu umeshika matunda machache, ule unaopakana na jiko. Hapo jikoni palikuwa na pasheni nyingine, iliyoota kutokana na mbegu alizopewa na rafiki yake Mektilda wa Ushirombo.

Akafunika maua ishirini kwa mifuko ya karatasi, wadudu wasiyaguse. Yalipofunguka, kumi akayapaka vumbi la mimea yake sitini, kumi akayapaka la ile ya jikoni. Ya kwanza yalidondoka yote. Ya pili, manane yakashika.

Afisa ugani, Telesphori, alimweleza sababu. Vumbi lile, yaani chavua, hubeba alama za kurithi. Ua la pasheni hii likitambua kwamba alama ni zake lenyewe, huizuia chavua isirutubishe. Na mimea yote sitini ina alama zile zile.

"Sisi Wasukuma hatuoi ndani ya ukoo, kwa hiyo nilielewa hapo hapo," anasema Vumilia. "Tena hizi si ndugu. Ni mtu mmoja aliyesimama mara sitini!"

Hadi juzi alikuwa amehesabu matunda 311. Mvua zikianza atachomeka miche ishirini ya mbegu za kwingine katikati ya mistari, ili nyuki weusi wakubwa, wale wanaotoboa mbao, wafanye kazi ambayo mkono wake hauwezi kuimaliza.

Bujiku anainua gogo moja alisogeze. Lina tundu la mviringo, na ndani kunavuma.

"Magogo yako yamepata wapangaji," dada yake anamwambia bila kugeuka.

Bujiku anasikiliza kidogo, kisha analirudisha chini taratibu.

"Basi yakae," anasema. "Nipe na mimi hicho kijiti."