Binzari Kwenye Kope

Mume wangu alipoota vibonge vya manjano kwenye kope, upande wa puani, mama mkwe alipiga kigelegele. Tulikuwa tumetoka Kibaha kwenda Kisarawe kumwamkia, mtoto mgongoni. Shikamoo yangu aliiitikia juu juu, kisha akamshika mwanawe kidevu akamgeuzia kwenye mwanga. Kwao vibonge vile vinaitwa samli. Mwanamume mwenye samli kwenye kope, mkewe anamlisha. Siku ile nilisifiwa hadi nikaona haya.

Na kweli alikula. Alifanya kazi kwenye mabanda ya kuku, na mayai yaliyopata ufa wafanyakazi walirudi nayo nyumbani. Wenzetu wanapanga foleni ya sukari, sisi tunakaanga mayai.

Kisha akaanza kusimama njiani. Tukishuka basi Kwa Mathias tukashika njia ya nyumbani, hatufiki mbali, anainama anajifanya anafunga kamba ya kiatu, mkono mmoja kifuani, jasho linamtiririka na jua limeshazama. Nikamwambia twende hospitali.

“Nikamwambie daktari nini, mama watoto? Kwamba nashiba?”

Nikamfuata mama yake, nikamwomba amlazimishe. Akanijibu kuwa wasichana waliosoma wana haraka ya kuwatia waume zao ugonjwa.

Haukupita muda akaanguka bandani, mchana kweupe, ndoo ya pumba mkononi. Hakuamka.

Tulimzika Kisarawe. Msiba wa kule hauendi bila watani, na mtani wao alikuwa mzee mmoja Mnyamwezi. Alivaa shati la marehemu, akajipaka binzari kwenye kope, akatembea uani akisimama kila baada ya hatua chache, mkono kifuani, akifunga kamba za viatu ambavyo hakuvaa. Watu walicheka wakajishika mbavu. Mama mkwe alicheka huku analia. Mimi nilimwona mume wangu. Kumbe wote walikuwa wameona nilichokiona.

Mzee akaja mbele yangu.

“Mke wa mtani wangu, usininunie. Binzari hii nilijipaka kwenye msiba wa mjomba wake, nikajipaka na kwa mjomba mkubwa. Ukoo huu haunipi kazi, sura ni ile ile.”

Wakacheka tena. Nikamuuliza mama mkwe, mbele za watu, kaka zake wale walikufa kwa nini. Akasema walilogwa, na sasa mwanawe naye kalogwa, maana watu hawapendi kumwona mtu akinawiri.

“Na hiyo samli yao?”

“Ndiyo iliyowaponza. Ndiyo iliyoonwa na wenye kijicho.”

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa mlangoni anakula. Walikuwa wamemwekea minofu yenye mafuta, kwa kuwa sasa yeye ndiye mkubwa. Nikamshika kidevu, nikamgeuzia kwenye mwanga kama mama yake alivyofanya. Pembeni mwa jicho la kushoto palikuwa na kidoa cha manjano, kadiri ya punje ya mtama.

“Shemeji, hii si neema. Hii ndiyo iliyomuua kaka yako. Nenda hospitali.”

Akautoa mkono wangu taratibu. Akasema, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwamba eda haijapoa na mimi nimeshaanza kukagua mwanamume mwingine. Uani pote wakaangua kicheko.

Mwanangu alikuwa mapajani kwa bibi yake. Bibi alikuwa anamchotea mchuzi wa juu, pale mafuta yanapoelea.