Pete ya dhahabu kwenye sigara ya baba mkwe

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimejicheka mpaka mbavu zinauma. Nilikuwa naenda Kirolirwe kujitambulisha kwa baba wa mchumba wangu, mfugaji mpenda tumbaku. Nikaona nimpelekee sigara nene ya majani, zile za wakubwa. Tumbaku ya Buleusa nilikuwa nayo, nikaisokota mwenyewe. Kwa nje nikachagua jani laini, lisilo na mishipa wala tundu, nikalipaka siagi kidogo, likang'aa kama kiatu cha Pasaka. Ikabaki pete ya karatasi, ile inayozungushwa kwenye sigara za ghali, maana bila pete, hiyo ni tumbaku tu. Nikaikata kwenye boksi jekundu lenye maandishi ya dhahabu nililookota sokoni Pinga. Kifaransa kidogo kidogo vile, nani atasoma?

Mzee akainusa, akalipapasa lile jani, akatabasamu. "Hii iko ya wapi, mutoto wangu?"

"Ya Kuba, Papa! Muangalie hata pete!"

Akavaa miwani, akaizungusha polepole, kisha akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Hii boksi naijua. Njo dawa ya minyoo ninapatiaka ngombe zangu. Banaandika: ngombe ya kilo mia tatu, kidonge kimoja. Sasa mimi nivute nusu?"