Dada Yangu Alipokalishwa Kitini

Siku ninayoikumbuka, Mwanangu, ni ya mavuno ya mtama kule Kanyangi, nilipokuwa msichana wa kutumwa kuni. Wanawake walikuwa wakicheza kilumi, ngoma yetu ya akina mama ya kutikisa mabega, na mimi na dada yangu Mbula tukaruhusiwa kusimama nyuma. Mwimbaji wa kilumi hatangazi. Anabadili wimbo katikati, na mstari wote unageuka. Mimi nilikuwa naangalia visigino vya aliye mbele yangu. Wimbo ulipobadilika nikaendelea na njia yangu, nikamgonga mama mmoja tumboni. Susu, yaani mama mzaa baba, akanitoa nje kwa sikio.

"Miguu unayo," akasema mbele ya watu. "Kichwa umekiacha jikoni?"

Walicheka hadi nikalia. Hakunibembeleza. Alinieleza kuwa kilumi huchezwa kwa masikio na kumbukumbu, miguu hufuata tu. Mbula alilishika neno hilo kuliko mimi. Aliolewa Kalamba, na huko akacheza na wenzake mpaka akapata wajukuu, hata baada ya kupatikana na kisukari.

Sasa sikiliza kinachonikasirisha.

Mwanawe Mutiso ni mzee wa kanisa. Mwaka juzi alimkataza mama yake: ngoma hiyo ni ya mapepo, tena mgonjwa hafai kuchoka. Wenzake wakarudishwa langoni. Mbula akapewa kiti cha plastiki chenye mto, na chakula, maji, hata leso, vyote vikaletwa mkononi. Waliita hiyo heshima. Chuma kisichotumika hushika kutu, na hawa walikaa wakiitazama kutu ikila. Aliposahau sufuria motoni hawakujiuliza kwa nini. Walimnyang'anya jiko.

Nilipoenda kumwona, dada yangu aliniita kwa jina la dada yetu aliyekufa. Nilimwuliza Mutiso daktari anasemaje. Akajibu polepole kwamba sukari ikikaa juu huumiza hata ubongo, na kwamba mama afanye mazoezi.

"Sasa mbona amekaa?"

"Mama mdogo, tunamtunza. Na hiyo ngoma, unajua mama ameokoka."

"Mimi pia nimeokoka," nikamwambia, "tena kabla mamako hajakubeba mgongoni. Mungu gani huyo anayeogopa mabega ya mama yako?"

Sikungoja ruhusa. Nilimwacha Mbula ale kwanza, nikamvisha raba za mjukuu wake, maana mguu wa mwenye kisukari hausikii mwiba. Zamani tulicheza pekupeku, lakini si kila cha zamani kinafaa. Kisha nikageuza jerikeni tupu nikaanza kupiga. Alitikisa mabega akiwa amekaa. Halafu akasimama, mkono mmoja kwenye kiti, kisha bila kiti. Nikaimba wimbo wa mtama, nikaubadili ghafla, na dada yangu akageuka kabla mkono wangu haujarudi kwenye jerikeni.

"Umechelewa," akaniambia.

Mutiso mwenyewe akaenda kufungua lango. Siku hizi wenzake Mbula wanaingia boma hilo kila Jumatano. Dawa anameza kama kawaida, na chai anajipikia mwenyewe, bila sukari. Lakini jina langu halijarudi. Ananiita "wewe". Nani atanilipa kwa hilo? Huyo mtoto wake aliniomba msamaha, nami nimemsamehe kwa mdomo. Moyo bado uko njiani.

Kwa hivyo nakuambia, Mwanangu, na sikuambii kwa upole. Ukiwa na mzazi mwenye kisukari, usimfanye kikombe cha wageni cha kuwekwa kabatini. Mwulize daktari, mpime sukari, mfunge viatu, kisha mwache acheze ngoma anayoijua, ile inayomlazimu kukumbuka na kugeuka. Kama ngoma inakutisha, apigiwe wimbo wa kanisa, lakini acheze. Akikosea hatua usimkalishe, mwache airudie. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Mimi nasema mwulize, tena umpe mwiko aukoroge mwenyewe.

Mungu akupe uzee wenye magoti, na watoto wasio na haraka ya kukuletea kiti.