Beau-père, baba mukwe, alicheza game yetu ku Idjwi, akanipatia quatre sur vingt

Wakuu, salama?

Nianze na kuomba radhi. Mimi niko mutu wa Bukavu, na Kiswahili yangu ni ile ya Bukavu. Wale walimu wa Dar wenye wanakujaga humu kusahihisha watu, leo mupumzike.

Halafu hii si chai. Fiancée wangu, muchumba, anasoma hili jukwaa kuliko mimi. Nikiongeza chumvi hata kidogo, atashuka kwa comments kunianika. Kwa hiyo nitasema vile ilikuwa, hata pale penye mimi ndio mujinga.

Na ni fasi nyingi, mutaona.

Iko hivi. Mimi na rafiki yangu Patient tunatengeneza game za computer. Patient ni fundi wa code na wa kuchora, mimi ni mwandishi wa hadithi. Ofisi yetu ni chumba kimoja kwao Patient, mutaa wa Nguba, dirisha inaangalia ziwa. Courant, umeme, ikikatika, tunaangalia ziwa.

Kilichotuanzisha ni hasira. Kuna game moja ya wazungu, jina sitaji, tuliicheza wote wawili. Ndani mule kuna "Afrika". Iko na nyumba moja ya majani, na wamama saba wenye sura moja, na wanaongea luga yenye si Mashi, si Kihavu, si luga ya mutu yeyote. Unasikia kama mutu anaumwa tumbo. Muzungu anashuka na parachute, anawaokoa, wanamuchezea ngoma, anaenda zake.

Nilipiga kelele wiki muzima. Niliandika hata humu, wengine mutakumbuka. Nikaapa kwamba sisi tutatengeneza yetu, yenye kuheshimu watu.

Ndipo tukatengeneza "Mukombozi wa Kisiwa".

Shujaa anaitwa Baraka, kijana wa Bukavu, lunettes (miwani) nyeusi, jacket ya ngozi. Anapanda boti anaenda kisiwa cha Idjwi. Huko kuna nyoka mukubwa ndani ya ziwa, anamaliza samaki yote, na watu wa kisiwa wako wanalia tu, hawajui la kufanya. Baraka anamuua nyoka. Wanamuchezea ngoma.

Ndiyo, najua. Munacheka tayari. Sisi hatukuona kitu.

Na mujue kabisa: mimi wala Patient hatukuwahi kukanyaga Idjwi. Boti zake tunaziona kila asubui ku dirisha. Recherche yetu, utafiti wote, ilikuwa picha mbili za ananasi.

Sasa, Furaha. Ndiye huyo fiancée wangu. Anafanya kazi mu pharmacie, duka ya dawa, hapa mujini, lakini kuzaliwa ni ku Idjwi. Baba yake alikuwa directeur, mwalimu mukuu wa école primaire, miaka na miaka. Amepumzika sasa, ila kisiwa chote bado wanamuita Papa Directeur, na bado anatembea na Bic nyekundu mu mufuko ya shati.

Kwao kabla famille yangu iende kujitambulisha, ilibidi niende kwanza mimi mwenyewe, muzee aniangalie. Akikubali, wazazi wangu wanapanda boti. Akikataa, basi. Na alishakataa mumoja mwenye alinitangulia, na huyo alikuwa na boti yake mwenyewe!

Nilimupenda Furaha vibaya sana. Nililala vibaya wiki mbili.

Furaha aliniambia kitu kimoja tu: "Hiyo jeu, hiyo game yenu, usiibebe."

Nikabeba. Na batterie mbili. Nilitaka muzee aone kwamba mukwe ni mutu wa akili, na tena ameimba sifa za kisiwa chake.

Mimi na Furaha tulifika mchana, jua kali, masaa mengi mu boti, koo imekauka. Tukaketishwa. Papa Directeur akaleta kalebasi, kibuyu, ya kasiksi, ile pombe ya ndizi ya kwetu. Akaiinua.

Nikampokonya mukononi nikanywa.

Nikasema, "Merci mingi, papa."

Tante yake Furaha, dada ya muzee, akaacha kuchambua maharagi. Furaha akaangalia mabati.

Kwa wenye wako mbali: huku kwetu mwenye nyumba ndiye anaonja kwanza. Anakunywa wewe ukiangalia, ujue hakuna kitu kibaya mule ndani, ndipo anakupa. Ukinywa mbele yake, ni kama umemwambia nyumba hii ni yako. Na si kwamba sikujua! Nyanya yangu wa Kabare angenipiga na mwiko. Ni kiu, wakuu. Kiu na woga.

Muzee akauliza tu, "Na hiyo mashini ni ya nini?"

Nikaona mulango umefunguka. Nikawasha laptop, nikaiweka mbele yake, nikamuonyesha vidole vinaenda wapi. Majirani wakajaa. Baraka akashuka ku boti, lunettes zinang'aa.

Muzee akamupeleka mbele ya mumama mumoja wa kijiji. Akasimama. Akaangalia keyboard.

"Fasi ya kusalimia iko wapi?"

"Papa, haiko. Kuna kuruka, kupiga, na kuchukua."

"Kuchukua nini?"

"Vitu, papa."

"Vya nani?"

Hiyo swali hatukuwahi kujiuliza.

Akaenda mbele. Baraka akaingia mu nyumba ya watu, bila hodi, kwa sababu mulango wetu unajifungua tu. Ndani kuna mitungi. Wenye munacheza game munajua: mitungi ni ya kuvunja, ndani kunatoka dawa na mishale. Muzee akabonyeza, mutungi ukapasuka, PAA! Akatoa mukono haraka, kama amejichoma.

"Nimefanya nini?"

"Umepata mishale, papa!"

"Nimevunja mutungi ya mutu!" Akageukia mumama wa ndani ya game. "Na yeye anasema nini?"

Mumama wa game akasema kile tulimuandikia: "Karibu, mukombozi wetu."

Tante akaruka. "Mukombozi? Mutungi yangu ivunjike niseme mukombozi? Huyo mumama ni mugonjwa!"

Kuanzia hapo, majirani wote wakawa upande wa mitungi. Walihesabu kwa sauti. Ilifika sita. Kuna papa mumoja alikuwa anauliza kama Baraka iko na baba, na huyo baba anasema nini juu ya mambo haya. Na katikati Baraka akapewa kalebasi ili apate nguvu, akainyakua na kumeza yote mara moja. Nyumba muzima ikageuka kuniangalia mimi.

Nilitamani nyoka wa game anile.

Muzee alimaliza game, wakuu. Mutu wa sabini na kitu, alimuua nyoka mara ya kwanza, mimi mwenyewe nilichukua siku tatu. Ngoma ikapigwa. Na ku mwisho, mufalme wa kisiwa anamupa Baraka binti yake kama zawadi.

Niliisahau ile sehemu. Nawaambia ukweli, niliisahau kabisa!

Muzee akaangalia huyo binti ku écran ya laptop. Alikuwa anatabasamu tu, ndivyo tulimuchora.

"Anaitwa nani?"

"Papa... hana jina."

Akavua lunettes zake.

"Kwa hiyo kijana anatoka Bukavu. Anaingia bila hodi. Anavunja mitungi sita. Anakunywa bila kungoja. Halafu anabeba binti ya watu yenye hana hata jina." Akanigeukia. "Na wewe, ulisema umekuja kufanya nini hapa?"

Wakuu, nikafunga laptop.

Akachomoa Bic nyekundu, akaandika ku karatasi, akanipa. 4/20. Yaani nne kwa ishirini. Akasema hizo nne ni za rangi ya maji, maji tumechora vizuri. "Ni devoir, kazi ya nyumbani. Utairudisha ukishaitengeneza. Na ile ingine yenye ulikuja kusema, utaisema siku hiyo."

Ku boti tukirudi nilikuwa na hasira. Nikamwambia Furaha kwamba baba yake haelewi, game ni game, kila shujaa anavunja mitungi, dunia muzima.

Furaha alikuwa anakula ananasi. Akamaliza kwanza.

"Wewe ulilia wiki muzima juu ya nyumba moja ya majani," akasema. "Wamama saba wenye sura moja. Mu game yako nilihesabu wamama wa kwetu. Wana sura ngapi?"

Mbili. Patient alichora mbili, ya pili ni ya kwanza na kitambaa.

"Sisi tulalamikie wapi?"

Nilisikia haya mupaka ku masikio. Ule muzungu wa parachute nilimutukana vizuri sana, kumbe mimi nilimuvalisha jacket ya ngozi nikamupandisha boti ya Idjwi. Kilichobadilika ni rangi tu.

Basi tukaanza upya.

Muzee akapata namba yangu ya WhatsApp, na hapo amani yangu ikaisha. Alinitumia vocal, sauti za kurekodi, za dakika saba saba, kuku wanalia nyuma, na kila moja inaanza na "Point suivant," yaani jambo lenye linafuata. Nyoka atoke, mu ziwa yetu hakuna nyoka, munatuharibia jina. Kama mugeni anakuja, nani alimuita? Mugeni yenye hakuitwa na hakuna yenye anamujua, juu ya nini tumupe kiti?

Kwa hiyo Baraka sasa ni fundi wa moteur, injini za boti. Boti ya kubeba wagonjwa imeharibika, kisiwa kimemutuma mutu kumuita, anakuja na pièce, spare yenye inakosekana. Lakini peke yake hajui kuendesha hiyo boti mu upepo wa kule. Binti wa mwenye boti ndiye anajua. Sasa anaitwa Nabintu, anaendesha boti, na ukimuuliza kama atakupenda anaweza kusema hapana. Patient alimuuliza mara tatu siku ya majaribio. Alikataliwa zote tatu, na ni yeye mwenyewe aliandika code!

Watu wote walipata majina. Muzee alileta orodha ya wanafunzi wake wa zamani, watu makumi ine (arobaini), na kila mumoja na sura yake. Patient alichora akilia.

Kukawa bouton, kitufe, ya kusalimia. Bouton ya hodi. Ukivunja mutungi, mwenyewe anakuketisha chini na kukueleza nani alimupatia huo mutungi, na hauwezi kuruka, unasikiliza mupaka mwisho. Na kalebasi: mwenye nyumba anaonja kwanza. Ukibonyeza mbele yake, anarudisha mukono, na tante mumoja anapiga kelele, "Mutoto wa nani huyu?"

Patient aliniambia, "Nani atacheza jeu ya kukaa na kusalimia?" Mama yake akaketi ku laptop kujaribu. Saa muzima hakufika hata kwa moteur. Alikuwa anasalimia wote makumi ine, na akirudi njia ile ile anawasalimia tena.

Miezi ikapita. Tukarudi Idjwi, mimi, Furaha na laptop. Mara hii nilikunywa maji yangu ku boti.

Majirani wakajaa tena. Muzee akavaa lunettes. Akasalimia kila mutu, na kila jina likitokea nyumba inapiga kelele, "Eh, yule ni Bahati! Yule ni Mapendo!" Akapiga hodi. Akangoja. Akapewa kiti. Kalebasi ikaletwa.

Na muzee, mutu wa devoir, mutu wa point suivant, kwa haraka ya kutaka kufika kwa moteur, akabonyeza.

"MUTOTO WA NANI HUYU?"

Wakuu, ile nyumba ilianguka kwa kicheko. Tante alilala chini juu ya maharagi. Muzee akaonyesha keyboard na kidole.

"Bouton yenu ni mbaya," akasema.

Akacheza mupaka mwisho. Nabintu alimukataa na yeye. Akafunga laptop, akachomoa Bic, akaandika 12/20. Akasema angetoa treize, kumi na tatu, kama bouton ingekuwa nzuri.

Halafu akaleta kalebasi ya kweli.

Nikaweka mikono juu ya magoti. Muzee akainua, akaniangalia, akanywa. Akapangusa midomo. Akanywa tena, na hiyo ya pili nafikiri ilikuwa ya kunitesa. Ndipo akanipa na mikono mbili.

"Sasa sema. Nini ilikuleta?"

Nikasema naomba Furaha. Sauti ilinitoka kama ya mutoto wa première, darasa la kwanza.

Muzee akaonyesha mulango wa nyuma, kwenye Furaha alikuwa anaosha sambaza, samaki ndogo za ziwa, za chakula. "Yule yenye unaomba iko na jina, na iko na kinywa. Muulize."

Nikamuuliza, mbele ya watu wote.

Furaha hakugeuka. "Ngoja nimalize samaki."

Wakuu, beseni ilikuwa imejaa. Alisafisha sambaza moja moja, hata zile zenye hazina kitu cha kusafisha. Hakuna mutu alitoka mu nyumba. Mimi sikusonga, sikugusa kitu cha mutu. Alipomaliza, akapangusa mikono ku kitenge, akaja, akasimama mbele yangu.

"Ndiyo," akasema. "Na leo umekaa vizuri."

Wazazi wangu wanapanda boti mwezi wenye unakuja.

Nilichojifunza ni hiki: kulia juu ya vile wengine wanakuchora ni rahisi, nilikuwa champion. Kuona vile wewe unamuchora jirani ndiyo kazi. Na mugeni ndani ya hadithi si mubaya. Umuonyeshe tu mulango uko wapi, na umuache agonge.

Sasa nyie wenye munaandika hadithi, munachora, munacheza game: mulishawahi kukuta watu wa kwenu ndani, wakakutia haya au wakakufurahisha? Na wale wa Idjwi, kama jina lako limo mule na sura haifanani, muhusika ni Patient.

Mutoe maoni. Hata matusi napokea, ila muanze na kusalimia.