Fundo Nililofunga Mimi

Kitambaa chenyewe kilikuwa upindo wa shuka bovu, mweupe, upana wa vidole viwili. Nilikichana kwa meno. Kisha nikaufunga upau wa mashine kwa fundo la kufungia mbuzi, lile nililofundishwa na baba yangu kule kwetu Kinondo, ambalo mbuzi akilivuta huzidi kukaza. Naanza na hilo ili asije mtu akasema nimelificha.

Nimekuwa dobi katika hoteli moja ya Diani kwa miaka mingi, hata ile mashine ya langoni inayosoma kidole hainitambui mpaka nikipangusa mara tatu. Sabuni imenila alama za vidole. Idara yetu iko nyuma, karibu na mapipa, mahali ambapo mgeni hafiki. Tunafua, tunakausha, halafu mashuka yanapita kwenye mashine kubwa ya pasi yenye silinda ndefu ya chuma iliyo moto kama kikaango. Watu wawili hulisha shuka mbele, wawili hulipokea nyuma.

Mbele ya silinda kuna upau mwembamba wa chuma. Kidole kikiugusa, mashine husimama hapo hapo. Umewekwa kwa ajili ya kidole, si kwa kitu kingine. Lakini upau wetu ulikuwa mwepesi mno, kila pindo nene lilipougusa mashine ilizima, na ukiiwasha tena unangoja ipate moto. Hoteli ikijaa, vyumba vinadai mashuka kabla ya saa nane, na simu ya ukutani haikupi nafasi ya kupumua. Basi upau ulifungwa kwa kitambaa usicheze. Nilipokabidhiwa usimamizi nilikabidhiwa funguo za stoo, daftari la mataulo, na upau uliofungwa. Kitambaa cha zamani kilipooza, nilifunga kipya. Hakuna aliyenituma. Nilijivunia hata, kwa kuwa idara yangu haikuchelewesha chumba.

Aliyekuwa akilisha mashine asubuhi ile alikuwa mama wa watoto wawili kutoka Waa, mkimya, mwepesi wa mikono kuliko sisi sote. Ilikuwa saa nne. Pembe ya shuka ilijikunja, naye akanyoosha mkono wa kulia aitandaze, kama tulivyokuwa tukifanya sote. Upau ulipaswa kuisimamisha mashine. Haukuweza.

Ukelele ule siuelezi. Nilipiga kitufe chekundu, tukamtoa, tukaushika mkono chini ya bomba muda mrefu. Mwenzetu mmoja alikuja mbio na dawa ya meno aupake. Nilimfokea mpaka akaiangusha. Tulipelekwa hospitali Msambweni kwa gari linalobebea mboga za jikoni, yeye kichwa chake mapajani mwangu.

Niliporudi alasiri, kitambaa hakikuwapo. Mtu alikuwa amekikata na kukitupa. Nilikikuta ndani ya pipa, katikati ya nyuzi za mataulo, fundo bado limekaza. Nikakitia mkobani. Ningependa kusema nilikuwa nakitunza kiwe ushahidi, lakini nadhani nilitaka kukificha.

Kesho yake meneja aliniita ofisini. Ni mtu wa bara, si mkali, ana tabasamu. Alinisogezea kitabu cha ajali.

"Mama, andika tu hakuwa makini. Alikuwa anapiga stori na wenzake. Iishe, tusonge."

"Huyo hapigi stori, bosi. Salamu tu humshinda."

"Sawa, basi andika ni bahati mbaya. Unajua ukileta maneno mengi wa kwanza kuulizwa ni wewe? Si wewe ndiye msimamizi?"

Alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilinitia woga. Nikamwambia nitaandika baada ya kwenda kumpa mgonjwa pole. Siku mbili nzima ukurasa ulikaa mtupu, nami nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba ni kudra. Naona haya kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Kwetu mtu akiumia huendewa. Mnabeba sukari, mchele na mafuta, mnasema pole, inasomwa dua, na wenyeji wanasema ni kudra ya Mungu. Likishasemwa hilo mbele ya watu, ni aibu kulifungua jambo upya. Ni desturi nzuri, nimeiona ikizima ugomvi mwingi wa ndugu. Meneja alikuwa amekaa pwani muda wa kutosha kujifunza faida yake, kwa hiyo alikuja pamoja nami, na sukari alinunua yeye.

Tulimkuta nyumbani kwao Waa, ameketi mkekani, mkono umefungwa bandeji, umewekwa juu ya mto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Waonaje hali?"

"Alhamdulillahi." Kisha akainamisha kichwa. "Mashuka ya siku ile yalitoka? Mniwie radhi, niliwachelewesha."

Mtu mkono wake umeungua, na bado anaomba radhi kwa ajili ya mashuka! Na aliyemfundisha kuyaogopa mashuka kiasi hicho nilikuwa ni mimi.

Ami yake, mzee mpole aliyekuwa msemaji wa nyumba, alitushukuru kwa kuja. Akasoma dua, tukaitikia. "Limeshatokea, bwana," akamwambia meneja. "Ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Sisi hatuna neno."

Hapo ndipo meneja alipofungua faili lake. Alitoa karatasi moja na kidau cha wino. Aliisoma haraka haraka, lakini nilisikia: kwamba mfanyakazi hakuwa makini, kwamba amesamehe, kwamba hatadai lolote, na kwamba ameacha kazi kwa hiari yake.

"Wa kulia hauwezi," akasema, "basi ataweka tu dole gumba la kushoto." Akaushika mkono wa kushoto wa mgonjwa.

"Uache huo mkono," nikasema.

Watu wote waligeuka. Sauti yangu ilikuwa ile ile ninayoitumia kushinda kelele za mashine.

"Mmoja umeungua kwetu. Huu mzima nao mnautaka?"

Ami alinyanyua kiganja kunituliza. "Bi mkubwa, jambo limeshasomewa dua. Wataka kushindana na kudra?"

"Kudra naiamini, ami. Lakini Mungu tusimsingizie. Fundo nililifunga mimi." Nikafungua mkoba, nikatoa kile kitambaa, nikakiweka mkekani kando ya sukari. Nikawaeleza yote, upau ni wa nini, kwa nini ulifungwa, na nani aliyeufunga. Meneja alinikodolea macho yasiyo na tabasamu tena.

Mgonjwa alikitazama kitambaa. "Nilijua, mama," akasema taratibu. "Sote tulijua umefungwa."

Angenitukana ningeumia kidogo kuliko vile. Walijua, wakaendelea kutia mikono yao mle kila siku kwa sababu mimi, mkubwa wao, niliona ni sawa. Karatasi ilirudi failini bila dole la mtu.

Siku ile ile nilirudi nikaujaza ukurasa. Niliandika kwamba upau wa usalama ulifungwa nami msimamizi, kwamba wakubwa walioipita mashine ile walikuwa wakiuona, na kwamba aliyeumia hakukosea. Nikatia saini yangu, na nakala nikaipeleka ofisi ya kazi Kwale kwa miguu yangu. Walikuja wakaguzi, mashine ikasimamishwa. Fundi aliupunguza ule wepesi wa upau kwa bisibisi, katika muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Miaka yote ile ya vitambaa, na dawa yake ilikuwa bisibisi. Hasira ya siku hiyo bado ninayo, na simwombi mtu anisaidie kuipoza.

Mimi nilipewa barua ya onyo. Niliistahili, ingawa si kwa sababu waliyoiandika. Wao waliandika nimekwenda nje bila ruhusa. Nikaikunja nikaitia stoo, chini ya sabuni.

Lakini mkono ulikuwa haujarudi. Kidonda kilipona, vidole vikabaki vimejikunja, mkono haufungiki wala haufunguki. Na huo ndio mkono wa kulia, mkono wa kula. Kwetu hakuna mtu mzima anayetia mkono wa kushoto katika sinia mbele za watu. Basi aliacha kwenda harusini, akaacha matangani, na siku nilipomwona kwenye maziko ya jirani yake, ambayo hakuweza kuyakwepa, alikuwa amejificha nyuma ya jiko, anakula kwa kijiko peke yake. Wenzake walidhani amekuwa na maringo.

Kila Jumatano nilikwenda naye Msambweni kwa mtaalamu wa viungo, binti mmoja mwenye subira kuliko mimi. Alimpa sponji aminye na kuachia, aminye na kuachia. Nikamuuliza kama unga wa chapati utafaa. "Utafaa zaidi," akasema, "na watoto watashiba." Akatuambia pia jambo lililonikaa: mkono huu utapona ukiwa na kazi ya kufanya, si ukiwa umekaa nyumbani unatazamwa.

Nikalipeleka kwa meneja. Nilitaka arudi kazini kwa saa chache, apokee na kuhesabu mataulo, mpaka vidole vifunguke.

"Mama, hapa si hospitali. Apone kabisa, halafu tutaona."

"Hospitali imefanya yake. Kwetu ndiko alikoumia, na kwetu ndiko atakakomalizia kupona."

"Nani atamsimamia?"

"Mimi. Kwani msimamizi ni wa kusimamia mashuka peke yake?"

Nilikwenda kila asubuhi kumuuliza, kabla hajanywa chai, mpaka akachoka nami. Alitia saini akisema mimi ni kichwa maji. Nikamwambia ahsante.

Sisemi kwamba ilikuwa rahisi. Kulikuwa na siku alizolia juu ya mataulo, siku alizoutupa unga ukutani. Mara moja alinigeukia mbele ya wote. "Wewe wanisukuma kwa sababu ya dhambi yako, mama! Si kwa ajili yangu!"

"Ndiyo," nikamjibu. "Basi sukumwa hivyo hivyo. Okota unga."

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa na kisomo cha hitima nyumbani kwangu. Wanawake wa dobi walikuja wote, na yeye pia. Sinia ya pilau ilipowekwa alisimama mlangoni, nikamtazama bila kumwita. Akaja, akanawa, akaketi, akatia mkono wa kulia. Tonge la kwanza lilimwagika nusu. Hakuna aliyemtazama, kila mtu ghafla alikuwa na jambo la kusema kuhusu mvua. Mimi nilitaka kulia, nikaomba nipewe pilipili.

Alirudi kwenye mashine ya pasi mwezi wa Desemba, hoteli imejaa mpaka juu, marundo ya mashuka yanafika kifuani. Mwenyewe alitaka. Alisimama mbele ya silinda, halafu akanigeukia. "Niujaribu kwanza?"

"Ujaribu."

Akanyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kile kisichonyooka sawasawa, akaugusa upau. Mashine ikasimama. Tukangoja ipate moto. Akaugusa tena, ikasimama tena, tukangoja tena. Simu ya ukutani ilianza kulia, sikuipokea. Mmoja wa wanawake alinung'unika kwamba tumechelewa, nami nikamkata jicho. Mara meneja mwenyewe akasimama mlangoni, jasho linamtoka.

"Mama, vyumba vinangoja!"

"Vingoje," nikasema.

Yule mwanangu wa Waa alinitazama, kidole bado hewani, hajui amsikilize nani kati yetu wawili.

"Bado mara ya tatu," nikamwambia. "Gusa."

Akagusa. Ikasimama.